Kadi Yenye Mstari Mtupu

Divine na Rama,

Madam Tekla anasema kila anayeondoka mezani aandike kwenye daftari la kijani kabla ya kurudisha ufunguo. Nimesoma walioandika kabla yangu. Mmoja ameacha mistari minne, mwingine amechora paka. Mimi nitaandika zaidi, kwa sababu kuongea mnajua siwezi, na kwa sababu nyinyi wawili mnaanza Jumapili ijayo na sidhani kama kuna aliyewaambia kitu cha maana zaidi ya mahali birika linapokaa.

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na minane, baada ya kazi ya miaka mitano. Habari za vyeo niziruke, havipo. Wote tunaitwa watoto wa meza, hata ukiwa mrefu kama Rama. Mshahara ni sambusa na chai, na sambusa zikiisha ni chai. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa Divine unasoma shule ya Kiflamand, Rama ya Kifaransa kama mimi, na hii ndiyo lugha ambayo hakuna kati yetu atakayesema hakuelewa.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuja kusaidia mtu. Mama aliniteka. Barua ilitoka shuleni ikasema kwenye saa za Kiingereza sifungui mdomo, na jirani akamwambia mama kuna meza ya Kiingereza nyuma ya duka la vitambaa, dakika saba kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Gare du Midi, kila Jumapili saa saba, misa zikiisha na soko likianza kufungwa. Tulikuta watu kama kumi wamezunguka meza ndefu. Chini ya meza mifuko ya soko imejaa mchicha wa lengalenga na samaki, na samaki wanajitangaza. Mama akakaa. Mimi nikaenda kusimama kwenye makoti yaliyotundikwa ukutani. Si karibu nayo, ndani yake. Koti la mtu lilinifunika nusu ya uso nikaona hapa pananifaa.

Madam Tekla alikuwa mwalimu wa Kiingereza Morogoro kabla ya kuja huku. Siku za wiki yuko mapokezi kwenye hoteli. Alinyoosha kadi bila hata kugeuka.

"Wewe wa kwenye makoti, njoo unisomee hii. Nimesahau miwani."

Miwani ilikuwa kichwani kwake. Nilitoka, nikachukua kadi. Juu iliandikwa hear na listen, na chini mistari miwili: *Papa Kalume hears his wife. Papa Kalume does not listen to his wife.* Nilisoma kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Kumbe Papa Kalume mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, mzee wa Uvira mwenye kofia, na mke wake ubavuni.

"Ni kweli," akasema Papa Kalume. "Anapiga makelele, nasikia yote. Sasa soma tena, mutoto, ile ya pili sikuisikiliza."

Mke wake akamchapa begani kwa mfuko wa vitunguu. Watu wakacheka, nami nikasoma tena, na mara ya pili sauti ilitoka. Nimekaa miaka mitano kwa ajili ya mara hiyo ya pili.

Sasa vifaa. Mkebe ni wa biskuti za speculoos, umebonyea upande mmoja, usijaribu kuunyoosha. Kila kadi ndani yake ina maneno mawili au matatu ya Kiingereza yanayofanana, na kila neno lina sentensi yake. Sentensi lazima iwe ya kweli, na lazima imhusu mtu tunayemjua. Kabla kadi haijaingia, Madam Tekla anauliza, "Ni kweli?" Ukisitasita, kadi inabaki nje. Kamusi ipo pia, haina kurasa za herufi W, na mimi nimesoma fasili zake nikazisahau nikiwa bado nafunga kitabu. Ila sijakutana na mtu aliyepita hapa akachanganya tena hear na listen.

Kalamu nyekundu ni marufuku. Rama, nimekuona nayo.

Mtagundua haraka kwamba matatizo yanatoka kwetu wenyewe, kwa yale tunayoyaweka pamoja. Sisi mkono ni mkono, kuanzia begani mpaka kucha. Wao wana arm na wana hand. Mguu ni mguu, wao wana leg na foot. Kidole cha mkono na kidole cha mguu, wao hawataki kabisa viitwe jina moja. Mtu wa kawaida anaweza kuishi hivyo hivyo, lakini hapa wengi wanatafuta kazi ya kutunza wagonjwa, na mgonjwa akilalamika foot na wewe ukashika goti, siku yenu imeharibika wote wawili. Halafu kuna kuazima. Kwetu anayetoa ameazima na anayepokea ameazima. Papa Kalume alimwambia jirani yake Mwingereza kwamba atam-lend ngazi, akaichukua ngazi ya yule bwana, akakaa nayo wiki tatu. Kadi inasema: *Papa Kalume borrows the ladder. The neighbour lends the ladder, for the last time.* Maneno ya mwisho aliyaongeza jirani mwenyewe, alikuja kunywa chai.

Kadi yangu ya kwanza ilikuwa alone na lonely. Kuwa peke yako, na kujisikia mpweke. Nilikuwa na miezi sita kazini. Niliandika: *Zaituni is alone in the coats. Zaituni is not lonely in the coats.* Madam Tekla akauliza kama ni kweli. Nilifikiri muda mrefu mpaka chai ikapoa, nikamjibu kwamba ya kwanza si kweli tena, kwa kuwa Jumapili ile nilikuwa nimekaa mezani. Alisema basi andika was. Ndivyo nilivyojifunza was.

Maman Nsimire alikuja mwaka wangu wa tatu. Ni mtu wa Bukavu, sauti nene, mwili mwembamba. Alikuwa anasafisha ofisi kwenye minara ya Gare du Nord kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Alishamaliza mafunzo ya aide-soignante, ya kuhudumia wagonjwa na wazee, kwa Kifaransa, tena vizuri. Binti yake wa mwisho, Asifiwe, alibaki Bukavu kwa shangazi yake akiwa na miaka tisa. Mwanasheria alimwambia kwamba bila mkataba wa kudumu faili ya kumleta mtoto itakaa tu kwenye rafu.

Wiki aliyofika, tulikuwa tunatengeneza kadi ya hope, wait na expect. Shule ya Kifaransa inatuharibia hapo, kwa kuwa attendre ni kungoja na pia ni kutarajia. Madam Tekla alieleza hivi: hope unataka kitu kije, wait unakaa mpaka kije, expect una sababu ya kujua kwamba kinakuja. Maman Nsimire akajitolea. *Maman Nsimire hopes to bring Asifiwe.* Kweli. *Maman Nsimire waits for a letter.* Kweli kabisa. Kwa expect akaweka kalamu chini. Madam Tekla akazungusha macho mezani, nani hapa anatarajia kitu, ana sababu ya kujua? Karibu wote pale walikuwa wanangoja karatasi fulani.

"Miye na-expect mvua," akasema Papa Kalume.

"Mvua si mtu," akasema Madam Tekla.

Kadi ikaingia mkebeni na mstari wa tatu mtupu. Ni kadi pekee iliyowahi kuingia hivyo.

Mwaka uliofuata nyumba moja ya wazee kule Auderghem, karibu na msitu, ilitafuta mtu kwa mkataba wa kudumu. Walitaka Kiingereza kidogo, kwa sababu wazee wao wengi walifanya kazi ofisi za kimataifa, na uzeeni Kifaransa kimewatoka wakabaki na lugha waliyozaliwa nayo. Madam Tekla alikuwa na zamu hotelini Jumapili tatu mfululizo. Donc, yaani basi, Maman Nsimire akawa wangu wa kumwandaa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, alama nzuri za Kiingereza cha kuandika, na kiburi kile cha watu wenye haya, ambacho kinakua vizuri kwa kuwa hakuna anayekiona. Nilitafuta kwenye mtandao maswali ya usaili. Nikaandika maswali kumi na majibu kumi, yote mazuri. La kwanza lilianza, *I am passionate about the elderly.*

"Passionate ni nini, mutoto yangu?"

"Ni kupenda sana, maman. Unawapenda wazee sana sana."

Alifikiri. "Nabapenda. Lakini si bote."

"Usiseme hivyo kule."

"Bon," akasema, akachukua karatasi.

Sasa sikilizeni jinsi watu wetu tunavyojifunza. Mimi nilipitia madrasa ya Buyenzi, Bujumbura, kabla hatujahamia huku, nilisoma sura nzima kwa moyo kabla ya kujua neno moja lina maana gani. Maman Nsimire alikulia kwenye kwaya, anajua nyimbo mia na hajawahi kushika kitabu cha nyimbo. Sasa mpeni mtu kama huyo karatasi ya majibu kumi. Wiki tatu baadaye alikuwa nayo yote kichwani, kwa mpangilio, na pumzi mahali pa pumzi. Nilimsikiliza mwanzo mpaka mwisho nikaona nimefanya kazi kubwa. Ile sheria ya mkebe, kwamba sentensi iwe ya kweli, wala haikunijia. Niliona ni sheria ya kadi.

Alirudi kutoka Auderghem Jumatano. Jumapili alituhadithia mwenyewe, kwa utulivu.

"Alianza vizuri, ule madame. Kauliza swali ya kwanza, nikajibu ya kwanza. Ya pili, anauliza mzee akikataa kula, utafanya nini? Mimi nikajibu ya pili."

"Ya pili ilikuwa ipi?" akauliza Madam Tekla. Alikuwa amerudi.

"Ile ya udhaifu yangu. Kama natumika, nafanya kazi, kupita kiasi." Akanywa chai. "Ya tatu kauliza juu ya usafi. Nikajibu ya tatu. Ile ya ndoto yangu kisha miaka tano."

Hakuna aliyecheka. Barua ya kukataliwa ilikuwa kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nne, na mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ilisema asante. Ilisema kwa bahati mbaya. Maman Nsimire aliirudisha mkobani, akaniambia, "Uliniandikia muzuri, weye. Mimi njo nilipoteza njia." Ningependa angenigombeza.

Watu walipoondoka, Madam Tekla aliomba karatasi. Alisoma majibu yote kumi, safari hii miwani ikiwa machoni.

"English yako iko fine," akasema. "Sina hata comma ya kurekebisha. Sasa niambie, Maman Nsimire amewahi kumhudumia nani?"

"Sijui."

"Wiki tatu, Zaituni."

"Sikumwuliza."

"Basi, kesho utapiga simu kule. Utasema majibu yalikuwa yako, na utaomba wayasikie ya kwake."

Nilimwambia siwezi kupiga simu. Si uvivu, wanaonijua wanajua kwamba hata pitsa huagiza mdogo wangu. Alisema anajua, akaanza kuosha vikombe.

Nilipiga kesho yake wakati wa mapumziko ya shule, nimesimama kwenye ngazi za dharura, maneno yameandikwa kwenye kiganja. Jasho lilishafuta nusu yake. Mkurugenzi, yule madame wa usaili, alipokea mwenyewe. Tuliongea Kifaransa, chake kina lafudhi ya Kiflamand, changu kinatetemeka. Nilisema mimi ndiye niliyeandika majibu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka apite."

"Na yeye alitaka kusema nini?"

"Sijui, madame. Sikumwuliza."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wake. Halafu akasema nafasi bado haijapata mtu, kazi hii siku hizi watu hawaitaki, na kwamba Alhamisi ya wiki ile ana nusu saa, saa nane. Bila karatasi, akasema. Nilimshukuru mara nne. Baada ya kukata nilikaa kwenye ngazi mpaka kengele ikalia.

Siku mbili zilizobaki nilikwenda kwa Maman Nsimire baada ya shule, na sikuandika chochote. Niliuliza tu. Alipika sombe, kisamvu cha kwao, akasimulia kwa Kiswahili, na kila alipofika kwenye neno ambalo Kiingereza kinaligawa, nilimsimamisha. Nikagundua alimuuguza mama mkwe wake miaka miwili mpaka mwisho, Bukavu, chumba kimoja na watoto wanne. Mimi nilikuwa nimemwandikia kwamba ana uzoefu mpana na anapenda changamoto.

Alhamisi niliruka saa mbili za masomo, mtanisamehe. Tulipanda metro mpaka mwisho wa njia kule Auderghem. Njiani hakukariri kitu, alitazama watu. Aliingia ofisini, mimi nikabaki kwenye ukumbi na koti lake magotini. Mlango haukufungwa vizuri. Mkurugenzi akamwambia kwa Kiingereza amweleze mtu mmoja aliyewahi kumtunza.

Kiingereza chake kilitoka polepole, kimechakaa, chake. Alisema mtu huyo alikuwa mama wa mume wake. Hakusema alimponya. *I did not cure her. I nursed her.* Kuponya na kuuguza, kadi ya mwaka wangu wa pili. Alisema kila asubuhi alimwosha mguu, leg, na mkurugenzi akauliza, nadhani ili aandike tu, leg au foot?

"Leg," akasema Maman Nsimire. "Foot, no. Foot was cut. The sugar."

Ukumbini nilishika koti. Alikuwa ameniambia kuhusu sukari, ila hakuniambia mguu ulikatwa kwenye kifundo.

Akaendelea. Alisema alipokwenda sokoni bibi alibaki alone, kwa hiyo alimwekea redio, asiwe lonely. Alisema bibi yule alikuwa na mdomo mbaya. *I did not like her every day.* Mkurugenzi akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayefahamu jambo hilo. Ndipo akauliza tena lile swali, mzee akikataa kula. Na Maman Nsimire akamwuliza yeye, anakataa chakula, au anakataa mimi? Kwa kuwa hayo mawili hayatibiwi namna moja.

Alianza kazi mwezi uliofuata. Alijaribiwa miezi kadhaa, akapata mkataba. Kuna bibi mmoja wa Ireland pale ambaye hataki aguswe na mtu mwingine, na Maman Nsimire anakiri kwamba siku nyingine hampendi.

Baada ya hapo nilibadilisha utaratibu, na huu ndio ninaowaachia. Mtu akileta fomu, karatasi iwe mbali naye na mbali nanyi. Aseme kwa lugha yake, mara ya kwanza yote, bila kumkatiza. Mara ya pili mmwulize. Mara ya tatu ndipo mfungue mkebe. Inachukua muda mrefu na watu watalalamika, hasa Papa Kalume, ambaye hana fomu yoyote. Nilikosea tena baadaye, makosa madogo, mengine hamna haja ya kuyajua. Kuna bwana wa Bujumbura nilimfanya aziite nguo cheap, kama vile ni hafifu, badala ya inexpensive, za bei nafuu, mbele ya bosi wake wa duka la nguo. Amesamehe. Nadhani.

Mwezi huu nahamia Liège kusomea uuguzi, na Jumapili kutakuwa na zamu. Nilikuwa nimepanga kumaliza daftari hapa, kwa maneno ya kuwatia moyo. Ila Jumapili iliyopita, wakati nahesabu vikombe, Maman Nsimire aliingia na viatu vya kazi, moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi. Hakukaa. Aliomba mkebe. Akapekua mwenyewe, kadi moja moja, akilamba kidole, mpaka akaipata. Alichukua penseli yangu, Madam Tekla akamnyang'anya, akampa kalamu ya wino.

Aliandika akiwa amesimama: *Maman Nsimire expects Asifiwe.*

Madam Tekla alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ni kweli?"

Maman Nsimire akatoa simu, akamwekea mbele ya pua. Visa, na chini yake tikiti.

"Ni kweli. Dimanche inakuya, saa ya misa."

"Basi weka."

Kwa hiyo Jumapili yenu ya kwanza meza haitafunguliwa saa saba. Tutakuwa uwanja wa ndege wa Zaventem wote, Papa Kalume ameshaazima gari, nami sijauliza kwa nani. Ufunguo nitawapa saa tisa. Asifiwe sasa ana miaka kumi na minne, umri wenu, na Kiingereza hajui hata kidogo. Kadi ya kwanza kumpa iwe hiyo. Na akienda kusimama kwenye makoti, mwacheni kidogo, halafu mwambieni mmesahau miwani.

Zaituni